Mlango wa Mtarakwa

Mama,

Nakuandikia nikiwa Kiirua, nimekalia beseni la kuogea la Mzungu lililopinduliwa nyuma ya banda la mizigo. Kiti kingine hakuna. Mkono wangu umezoea kung'oa misumari kuliko kushika kalamu, na darasa la tatu nililoishia ni lile lile, sijaongeza kitu. Nivumilie kama ulivyonivumilia nilipokuwa nakusomea barua za shangazi huku nikiruka maneno magumu. Ulijua naruka, ukanyamaza.

Barua hii sitaitia posta. Za kwenda Embu zote zinafunguliwa siku hizi, na sitaki mtu mwingine asome mambo yetu. Nitakaa nayo mfukoni.

Habari yako niliipata kwa dereva wa lori la mbegu za mbarika. Alisimama mbele ya banda, hata injini hakuzima. Akauliza, "Wewe ndiye Ireri, kaka yake Ciarunji?" Nikamwambia ndimi. Akasema, "Dada yako anakuambia mama yenu hayuko tena. Wameshamzika. Pole sana, ndugu yangu." Kisha akaondoka, maana alitaka kufika kabla barabara haijafungwa. Nilisimama pale na nyundo mkononi. Halafu, Mama, nilirudi kwenye ubao wangu nikaendelea na kazi. Kulikuwa na msumari uliokwisha toka nusu. Sikujua la kufanya isipokuwa kuumaliza.

Kesho yake nilikwenda kuomba pasi ya kusafiri. Karani aliangalia kipande changu cha utambulisho, akaniuliza, "Ameshazikwa?" Nikajibu ndiyo. "Sasa wewe unakwenda kumfanyia nini?" Alinirudishia kipande changu, akaita mtu wa nyuma yangu.

Uliwahi kuniuliza, kupitia kwa Ciarunji, mwanao anafanya kazi gani huko kwenye baridi. Nilituma jibu la haraka kwamba nabeba mizigo. Lilikuwa jibu la kijinga. Acha nikueleze sasa.

Wazungu wa ngano huku juu, kuelekea Timau, baadhi yao wamechoka na Dharura hii ya kupigana na watu wa msituni. Mmoja mkewe hapati usingizi, mwingine mbwa wake wote wamekufa kwa sumu, basi anauza shamba na kwenda zake. Nyumba inabaki imejaa. Hapo ndipo tajiri wetu anapoingia, Muhindi mwenye duka la vitu vikuukuu. Ananunua kila kilichoachwa ndani, na nyumba za mabanzi za wafanyakazi, na vibanda vya kuku, halafu anatutuma sisi. Mimi, na mzee mmoja Mmeru wa Ruiri anayeitwa M'Ikiara, na lori.

M'Ikiara ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza nilirukia ukuta na sululu, akanishika shati. "Wewe mtu wa mchwa," akasema, "unataka kuua nyumba au kuivua nguo?" Mtu wa mchwa ndilo jina langu hapa, kwa sababu nilimwambia kwetu upande wa chini mchwa wanakula hata kifuniko cha Biblia. Yeye huivunja nyumba kwa kurudi nyuma: ubao uliopigwa mwisho ndio unaotoka kwanza, na mabati yanashuka kabla mbao hazijaguswa. Kabla ya yote hubisha hodi, hata nyumba ikiwa tupu na paa limeshaanza kuanguka. Nilipomcheka akasema, "Huoni? Watu waliishi hapa. Ukiingia bila hodi, wewe ni mwizi mwenye lori."

Vitu vyote huwekwa mafungu matatu uani. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo bado ni vyenyewe: kitanda bado ni kitanda, sufuria bado ni sufuria. La pili ni vitu vitakavyokuwa vitu vingine. Beseni la kuogea linakwenda kunyweshea ng'ombe. Mapazia yanakuwa nguo za watoto, na hapa Kiirua utaona kundi zima la watoto wamevaa maua yale yale. Makopo yanakuwa koroboi, matairi yanakuwa viatu vya akala, misumari iliyopinda tunainyoosha juu ya jiwe mpaka vidole vinakufa ganzi. Fungu la tatu ni vinavyorudi udongoni, na M'Ikiara hulipitia tena mara ya pili na fimbo, kama kuku, asije akazika kitu kizima.

Nilipomwona akilichokora fungu lile nilikuona wewe, Mama. Chungu chako kilichopasuka kilikuwa chombo cha kunyweshea kuku. Kibuyu kilichovunjika shingo kilikuwa upawa, na upawa ulipochoka ukawa kifuniko. Gunia la pamba lilikuwa blanketi letu, kisha mkeka, kisha mfuko wa mbegu, na mwisho ulilitia kwenye shimo la migomba ukasema, "Sasa nenda ukalale." Kazi ninayolipwa hapa nilikuja nayo kutoka kwako. M'Ikiara alininyoosha tu.

Ndiyo maana Ciarunji aliponipasha jinsi mlivyohamishwa, sikulia mpaka alipofika pale kwenye miti ya nyumba yetu. Kwamba mliambiwa muingie nyote katika kijiji kipya cha serikali, na atakayekawia nyumba yake itachomwa. Kwamba majirani walikimbia na vyungu na mbuzi, wewe ukapanda juu ya paa, na umri wako ule, ukaanza kushusha nyasi kwa mafungu, ukafungua fito moja moja bila kukata kamba, ukabeba nguzo hadi kijijini moja baada ya nyingine. Kwamba homgadi, askari wa kulinda kijiji, alikupigia kelele, "Nyanya, shuka! Unadhani hii ni sikukuu?" ukamjibu kutoka juu, "Nyumba hii niliisimamisha mwenyewe, na wewe hata kuzaliwa hukuwa umezaliwa. Ngoja." Akangoja. Ciarunji anasema alingoja kweli, ameshika kiberiti chake. Kitu pekee ulichoacha ni mafiga matatu ya jikoni, kwa sababu ulipoyarudia hawakukuruhusu kutoka tena langoni.

Na mlango wako pia, nao haukupona. Mchwa walikuwa wameula kwa ndani, ukavunjika ulipouinua.

Basi katika kijiji kile chenye handaki na miiba, ulikaa na gunia mlangoni. Ciarunji alinieleza mambo ya gunia lile kwa maneno machache, kwa kuwa ni mwanamke na mimi ni kaka yake, lakini nilielewa. Homgadi akitaka kuhesabu watu usiku haiti. Anasukuma gunia kwa mtutu wa bunduki na kumulika, na wengine hawaji kuhesabu. Wewe ulikuwa unalala umeegemeza mgongo pale, kati ya gunia na wajukuu zako. Nilipotuma kuuliza nikuletee nini nikipata likizo, ulinijibu jibu ambalo nimelibeba kuliko mzigo wowote: "Asilete shuka. Asilete sukari. Alete mlango unaofungika kwa ndani."

Mama, niliupata.

Ulitoka katika jiko la Mzungu mmoja wa Timau. Milango mingine ya nyumba ile ilikuwa ya saiprasi, imepakwa rangi nyeupe, laini kama yai. Tajiri aliipenda ikapanda lori kwanza. Huu wa jikoni ulikuwa umechafuka moshi na una ufa katikati, akautupia kwenye kuni. Niliukwaruza kwa kisu. Chini ya moshi ulikuwa mwekundu, ukatoa harufu ile unayoijua. Mtarakwa. Nikamwambia M'Ikiara, "Mzee, mweupe ule kwetu haumalizi masika mawili. Huu mchwa hawautaki." Akanusa, akacheka. "Kumbe mtu wa mchwa ana faida." Niliuomba kwa tajiri badala ya mabaki ya mbao ninayopewa kila mara, akanipa bila kuuangalia.

Tuliutengeneza jioni, baada ya kazi. Ufa tuliuziba kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na unga wa mbao. Bawaba zilikuwa zimeliwa na kutu, tukakata nyingine kutoka kwenye mpira wa tairi. Halafu M'Ikiara akaja na komeo la chuma alilolihifadhi tangu zamani, zito, linalong'aa, linateleza bila sauti. Akasema, "Mama wa rafiki yangu hawezi kufungiwa na kipande cha mti." Alilifunga mwenyewe. Tulifurahi kama watoto. Tulikuwa tunalifungua na kulifunga, kulifungua na kulifunga, mpaka mpishi wa tajiri akatoka kuuliza kama tumerukwa na akili.

Dereva mmoja wa lori la kwenda Embu, si yule wa mbarika, alikubali kuubeba bure. Aliulaza juu ya magunia, mimi nikamwelekeza mpaka lango la kijiji chenu. Siku ile nilikula nikashiba.

Alirudi nao.

Kwenye kizuizi cha daraja askari walimteremsha. Mmoja alimuuliza, "Mlango huu ni wa nyumba gani?" Akasema ni wa mama mmoja huko Embu. "Basi mwambie mama aje na nyumba yake auchukue." Wakacheka. Pengine mambo yangeishia kwenye kicheko. Lakini mwingine aliliona komeo. Wewe huenda hukujua, nasi tulikuwa tumesahau kabisa: watu wa msituni wanajiundia bunduki kwa bomba la maji na komeo la mlango. Komeo zuri kama lile huku siku hizi ni kama kukutwa na risasi. Walimtandika yule dereva, maskini, wakaling'oa komeo kwa kitako cha bunduki, na mlango wakamwambia aurudishe alikoutoa. Aliutupa hapa bandani, jicho limevimba. "Ndugu yangu," akaniambia, "mimi sibebi tena hata kijiko chako."

Sikumlaumu. Simlaumu M'Ikiara pia. Alikuwa amekupa kitu chake bora. Kama angeweka kipande cha mti, mlango ungepita.

Nilitafuta lori jingine. Nikaomba pasi niubebe mwenyewe kwa miguu, nikanyimwa. Mvua zikaanza. Mlikuwa mnapelekwa kuchimba handaki kwenye matope, wazee kwa vijana. Ciarunji aliniarifu una kikohozi. Kisha kwamba kikohozi kimeshuka kifuani. Mlango ulikuwa umesimama hapa umeegemea ukuta, na kila nikipita ubavuni mwake nilikuwa naugusa, sijui kwa nini, kama mtu anavyomgusa ng'ombe wake. Kisha akaja yule dereva wa mbarika, ambaye hakuzima injini.

Ciarunji anasema walikuzika ndani ya blanketi, kwa sababu mbao hazikupatikana. Mbao, Mama. Mimi ambaye nalala kati ya mbao.

Baada ya hapo nilitaka kuuchoma mlango ule. Niliuburuta mpaka kwenye fungu la tatu. M'Ikiara alinikuta nikitafuta kiberiti, akakaa juu ya mlango, na mwili wake ule mwembamba, akakataa kuondoka.

"Huu ni wa fungu gani?" akaniuliza.

"La tatu, Mzee."

"Wewe nimekufundisha bure. Angalia vizuri. Ni mlango bado."

Nikamwambia mwenyewe amekufa. Ndipo akasema jambo ambalo hakuwa amewahi kuniambia katika muda wote tuliofanya kazi pamoja. Kwamba binti yake, Karambu, ambaye mumewe amefungwa kambini, yuko katika kijiji cha huko kwao Ruiri na watoto wawili. Kwamba naye ana gunia mlangoni. "Sikukuomba," akasema, "kwa sababu wewe ulikuwa na mama. Nilitafuta mlango mwingine, sikupata. Ulipokuwa unanusa mtarakwa ule, mimi pia nilikuwa naunusa."

Mama, fikiria. Mtu aliziba ufa ule kwa mikono yake, akatoa na komeo lake, na mtoto wake mwenyewe amelala nyuma ya gunia.

Alichonga komeo jipya kwa mzeituni wa mwitu, mti ule mgumu. Siku ya mapumziko tukaubeba vichwani mpaka Ruiri, safari isiyotaka pasi, yeye mbele mimi nyuma. Langoni homgadi aliukagua pande zote, akagonga kwa kidole, akalivuta lile komeo la mti. Hakuona la kukataza, akatupisha.

Sasa sikiliza kilichotokea. Tulipoutua mbele ya nyumba yake, Karambu alitoka, akamsalimu baba yake, akanisalimu mimi. Alikuwa ameanza kutabasamu. Ndipo M'Ikiara, ambaye hajui kusema uongo hata pale unapohitajika, akamweleza mlango ulikotoka na ulikuwa wa nani. Karambu akarudi nyuma.

"Baba, unaniletea kitu cha marehemu? Nikitundike juu ya watoto wangu?"

"Ni mlango tu, mwanangu."

"Hapana. Mwenyewe atakuja kuupitia. Urudisheni."

Sikumkasirikia. Ni mambo yetu hayo, hata wewe ungesema hivyo hivyo. Alipokufa nyanya ulitutoa sote katika nyumba yake, na hakuna aliyegusa hata kigoda chake. M'Ikiara alianza kubembeleza, akataja kanisa, akataja baridi. Karambu alikuwa amefunga mikono kifuani, anatikisa kichwa, na macho yake yalikuwa yanauangalia mlango, Mama, yanauangalia jinsi mwenye njaa anavyoangalia chakula alichokatazwa.

Kisha akanigeukia mimi. "Mama yako alilala nyuma yake siku ngapi?"

Nikasema, "Hakulala."

"Aliufungua kwa mkono wake?"

"Hapana, dada."

"Aliugusa?"

Nikamwambia, "Hata kuuona hakuuona."

Nilipolisema hilo niligeuka nikajifanya natafuta nyundo. Ni jambo linaloniuma kuliko yote, na nililitamka mbele ya mtu nisiyemjua, nalo ndilo lililomlegeza. Karambu akaja karibu, akapitisha kiganja juu ya ule ufa tuliouziba. Akasema polepole, kwa Kimeru, nami naelewa, kwamba basi mlango huu haujawahi kuwa wa mtu. Kisha kwa Kiswahili, kwa ajili yangu: "Pole, kaka yangu. Uwekeni."

Tuliuweka. Fremu tuliipiga kwa misumari ile ya kunyoosha. Ulikaa mzito kidogo upande wa chini, nikaukwangua kwa patasi, ukakaa sawa. Gunia lile Karambu hakulitupa. Alilikung'uta vumbi, akalikunja, akaliweka pembeni akisema litamfaa mtoto kulalia. Hapo nilitoka nje, nikakaa kivulini.

Jua lilikuwa bado liko juu alipoujaribu. Aliingia na watoto wake, akauvuta. Mimi na M'Ikiara tulibaki nje kama wageni waliofukuzwa. Halafu nikasikia komeo linapita katika nafasi yake, mti juu ya mti, ko. Ndani mtoto akacheka. Karambu hakufungua. Alikaa humo ndani mchana mweupe, amejifungia tu, kwa muda mrefu, na M'Ikiara alipotaka kubisha nilimshika mkono.

Sijui kama nimefanya vizuri. Mengine yangu hayajabadilika, na sitaki kukudanganya. Baridi ya hapa inaingia mifupani. Nimechoka, na asubuhi naamka nikiwa nimechoka. Tajiri anasema nyumba zinazouzwa zitaongezeka, maana yake kazi itaongezeka, na katika kila nyumba M'Ikiara atabisha hodi, nami nitasimama nyuma yake. Siku hizi mimi pia nabisha. Habari ya kifo chako bado nimeishika mkononi, sijui niiweke fungu lipi.

Lakini nakuahidi hili. Njia ikifunguliwa, sitaanzia kijijini. Nitapita kwanza pale penye nyumba yetu ya zamani, na yale mafiga matatu nayajua yalipo hata majani yakiwa yameyafunika. Nitajenga juu yake. Ciarunji na wanawe watahamia hapo, na mlango nitautafuta mwingine, wa mtarakwa, niupige kwa mkono wangu. Kisha nitakuja ulipolazwa, nibishe hodi, nikusomee barua hii yote. Nikifika penye maneno magumu sitayaruka.

Pumzika, Mama. Geuza mgongo wako usiuegemeze tena mlangoni. Huko Ruiri kuna mama amefunga kwa ndani.

Mwanao,
Ireri